Zile Nyuzi Mbili Ulizozikaza

Mwaka umeisha, Baba, tangu uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya mazoezi ya bendi, ukajilaza kwenye kochi la karakana na hukuamka tena. Randa uliiacha juu ya fremu ya dirisha, nusu yake laini, nusu bado ina magamba. Mwenye dirisha alikuja akalichukua hivyohivyo. Hakutaka limaliziwe na mtu mwingine.

Ulikuwa seremala mchana na mpiga gitaa jioni, na kote kuwili hukupenda kitu kilichokwenda upande. Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa kona. Jirani akileta stuli inayoyumba, uliitengeneza huku ukisikiliza shida zake, na mara nyingi hukumdai chochote.

Binti yako ulimfundisha gitaa kwa namna yako. Hukumtajia majina ya noti, ulimpa ukoo. Noti unayoanzia ni mwenye nyumba. Shemeji yuko uzi unaofuata kuelekea zile nyembamba, mbele kwa freti mbili, zile pingili za shingo ya gitaa. Hana makuu, anapatana na kila mtu. Mke yuko uzi huohuo wa shemeji, lakini freti moja nyuma ya mwenye nyumba, na hapo nyumba inachangamka. Akiwa nyuma ya mwenye nyumba kwa freti mbili, amenuna, na wimbo mzima unaingiwa na huzuni. Mjukuu ana jina lilelile la babu, sauti tu ndiyo changa: ruka uzi mmoja, songa freti mbili mbele, utamkuta. "Popote utakapoanzia, ukoo hauhami," ulimwambia. Mama akipita na beseni la nguo aliuliza, "Na mimi leo niko freti ya ngapi?" Nawe ulijibu bila kuinua kichwa, "Inategemea jana nilichelewa kiasi gani."

Ulikuwa ukipiga randa huku unamhoji binti yako kwa sauti kutoka karakana, naye yuko jikoni.

"Niko uzi wa nne, freti ya tano. Shemeji?"

"Uzi wa tatu, freti ya saba!"

"Mjukuu?"

"Uzi wa pili, saba hiyohiyo! Baba, naunguza vitunguu!"

Ulishamwambia kwamba kiti chako kwenye bendi kitakuwa chake. Kitu kimoja tu hukumwachia, kulitia gitaa sauti, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka zipatane. Kila jioni ulizungusha funguo mwenyewe, umelaza sikio ubavuni mwa gitaa, kisha ukampa likiwa tayari.

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Mtu alilifunika gitaa kwa mablanketi kitandani lisiguswe, na dada yako, kwa kilio na kwa kilo zake, akajitupa papo hapo. Shingo ya gitaa ilikatika. Ungecheka, Baba. Sisi hatukuweza. Shangazi aliona haya mpaka akakonda, na kabla mwezi haujaisha akaleta gitaa jipya, muuza duka ameshalitia sauti.

Binti yako alikaa nalo dirishani. Akaanza uzi wa nne, freti ya tano. Shemeji aliitika. Akamtafuta mjukuu uzi wa pili, freti ya saba, na kilichotoka kilimkwaruza sikio. Alijaribu kuanzia chini, juu, katikati. Nyuzi nene zilimtii; akifika zile mbili nyembamba, ukoo wote unavurugika. Alihangaika siku nyingi. Sisi wengine hatujui hata gitaa linavyoshikwa. Tulimwambia ni majonzi, yatapita. Mwishowe aliligeuza likatazama ukuta, akamwambia mama yake, "Nimemsahau Baba, Mama. Mkono wangu umemsahau."

Bendi walipomwita, alisema ana kazi. Kiti chako kikabaki kitupu, naye akawa mtu wa kuitikia tu, hata chakula anakula kwa kubembelezwa. Tuliogopa tutawakosa wawili.

Juzi rafiki yako mpiga besi, ambaye hata leo tunamwita Besi tu, alikuja kupanga kumbukumbu hii. Akaliona gitaa ukutani, akamwomba binti ampigie chochote. Alikataa, kisha akapiga ili tu aachwe. Besi alisikiliza kidogo, akamshika mkono.

"Nani amelitia sauti hili?"

"Lilitoka dukani hivyo."

"Ah, mwanangu. Baba yako hakupiga hivi! Kwenye magitaa ya watu, hatua ya sauti kati ya uzi wa tatu na wa pili ni fupi kuliko nyingine zote. Yeye aliiona kama kona iliyopinda. Akaitazama besi yangu, nyuzi zimepishana sawasawa, akasema na gitaa litapishana vivyo hivyo. Hizi mbili nyembamba akazikaza, zikapanda kwa freti moja. Tulimcheka sana. Sijamwona mwingine anayepiga hivyo."

Akazungusha funguo mbili. Binti yako akaweka kidole freti ya saba, na mjukuu akaitika.

Tulidhani atafurahi. Aliliweka gitaa chini, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Mwaka mzima, Baba, alijiona mtoto asiye na shukrani, kumbe mkono haukupoteza hata freti moja. Mwaka huo hakuna wa kumrudishia.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza.



"Alidhani muda upo," Besi alisema.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anatandika kitanda kwa mito miwili. Unakumbukwa na dada yako, na mafundi wenzako wa karakana, na Besi pamoja na bendi yote. Unakumbukwa na binti yako, ambaye leo jioni atakaa kwenye kiti chako apige wimbo mmoja. Zaidi ya hapo hakuahidi, nasi hatukumlazimisha.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekusahau, Baba, wala hatutakusahau.