Saumu za Alhamisi

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Daftari jipya. Siweki nadhiri, maana nadhiri ina hukumu zake, ila naahidi: humu nitaandika yote, hata ya aibu, na sitapunguza.

Mama amefunga tena leo. Kala daku peke yake, uji na muhogo wa jana. Nimesikia kijiko.

Hii ni siku yake ya saba. Najua hesabu. Ramadhani mama aliacha siku sita, mimi saba, na nne kati ya hizo zilikutana. Tulikula jikoni mlango tumeurudisha, mama akicheka kimyakimya kwa sababu mimi hutafuna kwa sauti. Hakuna mwingine aliyejua ni siku ngapi. Baba yuko Makurunge kwenye miwa, hurudi Jumamosi tu. Tangu Idi mama anazilipa, kila Jumatatu na Alhamisi. Wiki tatu, siku sita. Alhamisi iliyopita alimaliza.

Labda leo ni sunna. Jumatatu na Alhamisi ni siku za sunna. Nisiwe na dhana mbaya.

Nilimuuliza, "Mama, leo sunna?"

"Nalipa."

Hakunitazama.

Jumanne, 29 Aprili

Nieleze kwa nini nahesabu.

Siku chache baada ya shule kufunguliwa, nesi alikuja darasani kwetu, kidato cha tatu. Wasichana tukabaki, wavulana wakatolewa, wakapiga mluzi dirishani. Alisema chanjo tuliyochomwa tukiwa msingi inatulinda sisi, lakini mama zetu hawakuipata. Wao wapimwe mlango wa kizazi, kuanzia miaka thelathini mpaka hamsini, hata kama hawaumwi. Hasa kama hawaumwi. Wanapakwa dawa kama siki, nesi anatazama, basi. Kituo cha afya hapa Kiwangwa wanapima Alhamisi tu, maana nesi aliyesomea kazi hiyo huja Alhamisi. Kila mmoja akapewa kikaratasi cha kumpelekea mama.

Mama ana miaka thelathini na tisa. Nilimpa kikaratasi. Akakisoma, akakikunja mara nne, akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Inshaallah."

Inshaallah za mama ni za aina mbili, ya kukubali na ya kukwepa. Hii ilikuwa ile ya pili.

Mama Mkubwa Asha, dada yake mama, alikufa mwaka jana kwa ugonjwa huo. Mama alimuuguza miezi mitano. Mimi nilifua.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Shule hakuna. Kipimo hakuna, kituo kinapokea wagonjwa wa dharura tu. Mama amefunga.

Sasa sielewi. Kama anafunga ili asiende kupimwa, leo amefunga ya nini? Hakuna kwa kwenda. Basi huenda nimemsingizia mama yangu mzazi. Nimemwomba Mungu msamaha baada ya adhuhuri.

Baada ya alasiri nikawaza tena. Mtu akitaka saumu yake ionekane ni mazoea, hawezi kuruka Alhamisi moja.

Kisha nikaona haya kuwaza hivyo. Kichwa kinauma.

Jumapili, 4 Mei

Mvua tangu asubuhi. Njia ya shambani imekuwa tope, mananasi yaliyoiva hayajavunwa. Tumekaa ndani. Mama kashona vifungo vya sare yangu. Nilitaka kusema. Sikusema. Binti hasemi na mama yake mambo ya kule. Kwetu mambo hayo yana mtu wake, ni somo. Nilipovunja ungo mama hakunifunda yeye, alimwita Bi Tatu, na tangu hapo Bi Tatu ndiye somo yangu. Mama alikaa chumba cha pili, akipika. Hivyo ndivyo inavyofanywa.

Nesi hakulisema hilo. Alisema tu, "Mkawaambie mama zenu." Sijui kwao ni wapi.

Jumatano, 7 Mei

Nimesema. Nimekosa adabu lakini nimesema. Nilikuwa nachambua mchele, macho chini.

"Mama, kesho Alhamisi."

"Kesho nimefunga."

"Kipimo si chakula, mama."

"Kinafunguza. Hukusoma chuoni wewe?"

Nimesoma. Ni kweli. Kitu kikiingizwa ndani ya mwili kwa njia iliyo wazi, saumu imebatilika. Ustadhi wetu alitusomesha hivyo, na mimi ndiye niliyepata alama zote. Mama yuko sawa kwa kila neno.

Na bado nina hakika anakimbia.

Unawezaje kumkasirikia mtu anayefanya ibada? Nimekasirika. Ndivyo ilivyo, naandika. Nimeikasirikia saumu. Astaghfirullah.

Alhamisi, 8 Mei

Mama amefunga. Ya kumi.

Baada ya shule sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kwa somo. Alikuwa uani anamenya muhogo, kanga kiunoni, redio kando.

"Shikamoo somo."

"Marahaba, mwali wangu. Mbona uso kama nanasi bichi?"

Nikamweleza habari za kikaratasi. Nikamweleza kwamba kila Alhamisi mama amefunga. Somo akasema anayelipa deni la Ramadhani hasumbuliwi, amalize kwanza, kituo hakihami. Akaendelea kumenya. Ningeweza kunyamaza hapo. Nilikuwa nimeshanyanyua mkoba.

Nikasema, "Amemaliza. Alidaiwa sita. Hii ni ya kumi."

Somo aliweka kisu chini.

Nilijua palepale. Siku za mama si zangu kuzitoa. Nilizijua kwa sababu tulikula pamoja mlango ukiwa umefungwa, na yeye aliniamini. Nimekwenda kuzitaja uani kwa mtu, redio ikisema.

Nimerudi nimekula futari na mama. Kaniwekea mimi kipande kikubwa cha samaki. Nimekiacha sahanini.

Ijumaa, 9 Mei

Somo alikuja baada ya watu kutoka msikitini. Kaleta kisamvu. Mimi nilikuwa ndani, wao uani, dirisha halina kioo.

Kwanza mzaha. "Mama Sauda, wewe unafunga mpaka malaika wamechoka kuandika."

Mama akacheka kidogo.

"Mimi naona saumu yako inamkimbia nesi."

Mama hakucheka. "Nalipa deni langu, Bi Tatu."

"Unamlipa nani, bibi wee? Sita zimekwisha kitambo."

Kuku alipita, nikasikia kucha zake kwenye sufuria.

"Nani kakwambia ni sita?"

Somo akajibu kwamba amekadiria mwenyewe. Alinifichia, Mungu amlipe. Haikusaidia. Idadi ile ilijulikana na watu wawili tu, na mmoja wao hakuisema.

Somo alipoondoka mama aliingia. Hakupiga kelele. Alisema, "Mambo ya jikoni umeyatoa barazani, Sauda." Akachukua ndoo, akaenda bombani. Kulikuwa na maji tele ndani.

Jumamosi, 10 Mei

Baba karudi. Kauliza kwa nini nyumba iko kimya. Mama kasema ni mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Mama hajafunga. Amekunywa chai mbele yangu, na chapati. Ilipasa nifurahi. Sikujua kama amenisikia au ananionyesha.

Hanikatazi kitu. Anasema Sauda leta hiki, Sauda peleka kile. Lakini akimaliza kusema anageuka haraka. Leo jikoni nilipoingia yeye alitoka.

Shuleni mwalimu wa baiolojia kanipongeza kwa mchoro. Sikusikia raha.

Jumatano, 14 Mei

Leo mama kazungumza. Tulikuwa shambani, mvua imekatika, tunavuna mananasi. Yeye mstari mmoja, mimi mstari wa nyuma yake, kwa hiyo alikuwa amenipa mgongo. Nadhani ndiyo sababu aliweza.

Alisema, "Dada Asha alikwenda hospitali kwa miguu yake. Kabeba mkoba wake mwenyewe. Wakampima. Akarudi na jina la ugonjwa, na baada ya hapo hakutembea tena kwa miguu yake."

Akavunja nanasi, akaweka kwenye tenga.

"Mimi sasa natembea."

Ndiyo hivyo. Si kumwogopa nesi, si siki, si aibu. Mama anaamini ugonjwa ulianza siku ulipotajwa.

Nilitaka kumwambia kwamba Mama Mkubwa alikuwa akitoka damu mwaka mzima kabla hajapimwa. Nilifua kanga zake kabla ya hospitali, si baada. Alivaa mbili, moja juu ya nyingine, akaniambia ni baridi. Nikaamini. Mwezi wa kumi na mbili, Kiwangwa, baridi!

Hili nalo nililijua na sikumwambia mtu. Siri ya Mama Mkubwa niliitunza, akafa. Siri ya mama nimeitoa, naye hanitazami. Sasa adabu ni ipi? Nani atanifundisha hili, somo au mwalimu?

Mwishowe nikasema, kwa mgongo wa mama, "Kanga mbili zilianza kabla, mama. Mwaka mzima kabla."

Alisimama na nanasi mkononi, hakuliweka kwenye tenga.

Alhamisi, 15 Mei

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Alfajiri mama alikula daku. Nilisikia kijiko. Amefunga. Nikalala nikiangalia ukuta. Nikasema basi, imekwisha, nimepoteza vyote viwili, mama na kipimo.

Saa nne, mapumziko ya chai, Mariamu wa kidato cha nne akaniambia amemwona mama yangu kituoni na Bi Tatu. Nilikimbia. Kituo kiko ng'ambo ya barabara, nyuma ya soko. Sikuingia, nilisimama kwenye ua wa michongoma.

Wanawake saba kwenye benchi. Mama wa kwanza, karibu na mlango, zamu yake inafuata, buibui jeusi, mkoba mapajani kaushika kwa mikono miwili. Mmoja alimpa karanga, nikamsikia mama akisema amefunga. Somo alikuwa amekwisha kuingia. Nilidhani kaja kumsindikiza tu, kumbe ana miaka arobaini na sita na yeye pia hakuwahi kupimwa. Kaingia wa kwanza ili mama aone kwamba watu hutoka.

Hakutoka upesi. Wengine waliomfuata foleni walianza kunong'ona. Mama akasogea ukingoni mwa benchi.

Somo alipotoka alikuwa anacheka, lakini midomo imekauka. Akakaa taratibu. Akasema kwa sauti yake ile ya ngomani, "Haya, wameona doa jeupe. Doa tu, bado si ugonjwa. Wamelichoma kwa kichuma cha moto palepale. Nirudi baada ya mwaka watazame tena. Mnanitazama nini, nimeota pembe?"

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Akasimama na mkoba wake, na mimi nikajua anaondoka. Ningekuwa mimi ningeondoka. Lililompata dada yake lilianza hivi hivi, kuingia mzima, kutoka na habari.

Hakwenda getini. Alikwenda kwenye ndoo ya maji yenye bomba, pale karibu na mlango. Akachukua kikombe cha plastiki, akakisuuza, akajaza. Akachuchumaa kama tulivyofundishwa. Akasema bismillahi, niliona midomo. Akanywa chote.

Mchana. Mbele ya watu saba waliokuwa wamekwisha kumsikia akisema amefunga.

Mwenye kulipa deni la Ramadhani haruhusiwi kufungua hivyo, ni dhambi. Wa sunna anaruhusiwa. Mama anajua hukumu hiyo kuliko mimi. Kwa hiyo alikuwa anasema, bila kusema, kwamba deni halikuwepo. Nadhani alikuwa ananiambia mimi. Lakini hakujua nipo. Basi alikuwa anamwambia nani?

Akarudisha kikombe. Akampa somo mkoba. Akaingia.

Kengele ya shule ikalia. Nilichelewa, nikasimamishwa nje kipindi kizima cha jiografia. Nilisoma Yasini mara mbili.

Jioni mama alikuwa anakuna nazi. Bila kugeuka alisema, "Safi. Nirudi baada ya miaka mitatu." Kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Nikasema alhamdulillahi. Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo.

Jumapili, 18 Mei

Mvua nyepesi. Mama ameshinda kwa somo tangu asubuhi. Somo ameambiwa asibebe vitu vizito wala asiende shamba siku hizi, basi mama amemfulia, amempikia uji wa pilipili manga. Nilipopeleka kuni niliwakuta wanacheka, wakanyamaza nilipoingia, kisha wakacheka tena.

Somo alinishika mkono mlangoni. Akasema kama mama asingekwenda, naye asingekwenda, na doa lile lingekaa tu likikua. Sikujua nifurahi au niogope. Doa lilikuwa ndani ya somo yangu siku zote alizokuwa akinitania.

Mama ananitazama sasa. Jana alinisuka. Lakini lile la Ijumaa hajalifuta wala hajalirudia. Sijui kama limesamehewa au limefunikwa. Kwa mdomo siwezi kuuliza, na kwa somo siwezi kwenda tena, yatosha niliyokwenda kuyasema kule.

Nimechana karatasi ya mwisho ya daftari hili. Nimeandika kwa mwandiko mzuri. Nitaiweka chini ya mto wake, na kalamu juu yake, na nafasi nimeacha. Nimeandika hivi:

Mama, shikamoo. Nakuomba unijibu leo leo, hata neno moja, nami sitauliza tena. Nilipomwambia somo siku zako, nilikukosea, au ulikuwa unangoja mtu aseme?