Baba Mkwe Wangu Amezaliwa Jirani, Mume Wangu Anafunga Begi

*Barua na jibu, kama vilivyosomwa katika kipindi cha Mama Nastasia kwenye stesheni yetu ya mtoni*

Mama Nastasia, shikamoo. Nisaidie mwenzio kabla ya Ijumaa, na nakuomba kwa hisani yako ulifiche jina langu na la kijiji, maana aibu tuliyokwisha kuipata inatutosha.

Mimi ni mke wa mchungaji katika kijiji kimoja huku mwisho wa mto Kuskokwim, mume wangu tumwite Loren, tulitoka Kansas kwenye mashamba ya ngano tukaja huku Alaska kwa wito wa Mungu, na nitasema ukweli, wito ulikuwa wa kwake zaidi, mimi nilikuja kwa sababu nampenda, na tangu tufike nimekuwa nikimwomba Mungu kila siku atutoe, kwa ajili ya upepo, kwa ajili ya maji ya kubeba kwa ndoo, na zaidi ya yote kwa sababu Loren ni baba wa kila mtu isipokuwa watoto wake wawili, akiitwa na mgonjwa anakwenda, akiitwa na mlevi anakwenda, pikipiki ya theluji ya mtu ikikwama anakwenda, sisi tunakula wenyewe na sahani yake tunaifunika.

Majira haya ya baridi baba yake, Mzee Delbert, alifariki kule Kansas, na ukungu ukakaa juu ya mto, ndege haitui wala hairuki, wakamzika mzee, Loren akiwa bado ameketi na begi lake kwenye kibanda cha uwanja wa ndege. Hakulia. Alirudi nyumbani akaanza kuandaa mahubiri, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kazi tu, ukimwuliza hali anakujibu, "Namshukuru Mungu," basi, umefungiwa mlango.

Sasa unazijua hizi redio za upepo za kuitana nyumba kwa nyumba, kila nyumba inayo, ukibonyeza kitufe kijiji kizima kinakusikia, na maadamu umebonyeza wewe hakuna mwingine anayeweza kuingia. Siku hiyo jirani alituletea bata mwitu aliyeganda kama jiwe, nikambwaga mezani ayeyuke, kumbe nimembwaga juu ya kipaza sauti, kitufe kikabonyea, na sisi hatuna habari, tukaanza kugombana.

Mama, tuligombana! Nilimwambia, "Unasuluhisha ndoa za kijiji kizima, ya kwako umeilaza nje na mbwa!" Akaniambia, "Basi rudi Kansas, nani kakushika?" Nikamwambia ningekuwa nimesharudi zamani kama nisingekuwa mjinga wa kumpenda yeye, natamani bodi ya misheni iliyotutuma huku ituondoe hata kesho, na hapo ndipo akaanza kulia, mara ya kwanza tangu msiba, akasema, "Tangu wamzike baba bila mimi, nikiomba naona naongea na ukuta. Nasimama pale mbele nawadanganya watu."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Evon, mzee wetu wa kanisa, kavaa ndala za ndani kwenye theluji, hata kuingia hakuingia. Akavua kofia akasema, "Mchungaji, samahani sana. Mwinueni huyo bata."

Loren alitaka ardhi ipasuke immeze. Jumapili iliyofuata alihubiri haraka haraka akatoka kwa mlango wa nyuma. Wanaume wamemwita kwenye nyumba ya mvuke akaoge nao, anakataa. Anasema mchungaji aliyesema maneno yale hawezi tena kumtazama mtu machoni.

Na hapa ndipo penye shida yangu, Mama. Mimi nimefurahi. Wanawake waliokuwa wakinisalimia kwa adabu tu sasa wanaingia kwangu bila hodi, "Mke wa mchungaji, ndoa leo imelala ndani au bado iko na mbwa?" tunacheka mpaka mbavu zinauma, wananifundisha kupasua samaki, nikikosea wananipiga mkono kama mtoto wao, na kanisa limejaa, Mzee Evon ameniambia mlangoni, "Zamani nilikuwa nakuja kusikiliza mahubiri. Siku hizi nakuja kumsikiliza Loren." Kwa mara ya kwanza sitaki kuondoka! Lakini Loren ameshaiomba bodi imwondoe, na anasema anafanya hivyo kwa ajili yangu, "Si ulisema mwenyewe, na kijiji kizima ni shahidi?" Nami nimenyamaza, kwa sababu nitamjibu nini?

Kama hayo hayatoshi, wiki hii binti wa jirani yetu Bibi Olinka amejifungua mtoto wa kiume, na Bibi Olinka mwenyewe akaja kwetu, kitambaa kichwani, akaketi, akamaliza chai yake yote ndipo akasema.

"Mwambie mchungaji baba yake amefika."

"Baba yake yupi, Bibi?"

"Kwani anao wangapi? Delbert. Amefika jana. Ana upara na ana njaa."

Mama, nilidhani bibi wa watu kachanganyikiwa. Kumbe wamempa mtoto jina la baba mkwe wangu, kwa kuwa walisikia redioni kwamba Loren hakumzika, na wanataka Loren ambatize Jumapili hii, alitamke lile jina mbele ya watu wote. "Na soksi alete," akasema, "baba yake miguu inamganda." Binti yangu yeye ameshazoea, anatoka kule mbio anapiga kelele, "Mama, babu katapika!" nikacheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

Loren hakucheka. Aligeuka mweupe kama unga. Anasema ama wanamkejeli, ama hayo ni mambo ya mizimu, na yeye ambaye hata Mungu hamsikii siku hizi atabariki vipi jambo kama hilo, kwa hiyo tuondoke na ndege ya Ijumaa, jibu la bodi litatukuta Kansas. Begi liko mlangoni.

Nishauri, Mama. Nilikula kiapo cha kumfuata mume wangu popote. Nipande ndege kimya kimya? Na je, kuna dhambi katika jina lile?

Ni mimi, mke wa mchungaji, mahali fulani mtoni.

Mama Nastasia anajibu

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha, na la kijiji pia, ila sijui tunamficha nani, maana siku ile nilikuwa nashona buti hapa kwangu, kijiji cha pili kutoka kwenu, na sindano yangu ilibaki hewani mpaka Evon alipofika mlangoni. Mto mzima ulisikia. Na kama mumeo anataka kujua, hatukumcheka yeye. Tulimcheka bata.

Poleni na msiba. Kumzika mzazi kwa masikio tu, mtu umekaa na begi kwenye kibanda, ni jambo la kumvunja yeyote. Haya, pole nimeshatoa, sasa kaa nikuseme.

Ulimwomba Mungu akutoe huku, moyo ukageuka, na badala ya kumwambia mumeo unakuja kuniambia mimi stesheni! Yule mwanaume anafunga begi kwa maneno uliyoyasema ukiwa na hasira, maneno ambayo wewe mwenyewe huyataki tena, na unamwangalia anakunja mashati. Unajiambia ni utii. Uoga huo, mwanangu. Kiapo chako kilisema umfuate, hakikusema umfuate umefunga mdomo. Na mdomo unao, tumeusikia.

Sasa wewe Loren, usizime redio, najua unasikia maana huko kwenu hakuna stesheni nyingine. Unaogopa mizimu? Mimi hapa nabeba jina la mama yake mzee mmoja wa kwetu. Nilipokuwa na meno ya utoto, mzee yule mwenye mvi alikuwa ananiita mama, ananiletea peremende, na siku moja akaniomba radhi kwa utundu aliomfanyia mamaye alipokuwa kijana. Mimi sikuelewa kitu, nilikula peremende. Lakini yeye alikwenda zake mwepesi. Nimebatizwa, nashiriki meza ya Bwana, nimemzika mume aliyekuwa mhubiri, na sijawahi hata siku moja kudhani mimi ni maiti ya mtu. Mwenzetu akifa tunampa mtoto jina lake, ili waliobaki wapate pa kuupeleka upendo uliowabakia mikononi. Niambie hapo dhambi iko wapi, nami nitaungama.

Eti wanakukejeli! Unamjua Olinka wewe? Kaka yake alizama mtoni vuli iliyopita, na sote tulijua mjukuu wa kwanza wa kiume atachukua jina lake. Olinka alikuwa analingoja jina hilo. Akalishusha chini, akampa mtoto jina la mkulima wa Kansas ambaye hajapata kumtia machoni, kwa sababu alimsikia mwana wa mkulima huyo analia redioni na hana pa kulilia. Na wewe unataka kumjibu kwa kupanda ndege. Ungekuwa mwanangu ningekuvuta sikio.

Haya ya kuongea na ukuta nayo nayajua. Marehemu mume wangu yalimshika, tena kwa muda mrefu, akawa ananiambia kabla ya kwenda kanisani, "Nastasia, leo omba wewe, mimi sina kitu." Nikaomba mimi. Akaenda akahubiri, watu wakaimba, tukarudi tukala. Hakuna aliyekufa. Sasa hivi kuna watu mto mzima wanaokuombea wewe kwa jina, bibi zetu wengine hata hawajui sura yako. Waache wafanye kazi hiyo kidogo, na wewe uwe kondoo kwa muda.

Mke wa mchungaji, rudi kwangu, haya ndiyo ya kufanya. Leo chakula kikiiva, tundika kipaza sauti kwenye msumari wake, mkae mezani wote wanne. Mwambie mumeo, "Nimebadili nia, nataka kubaki," kwa maneno hayo hayo, usizunguke. Akikutajia ya siku ile, mwambie siku ile ulikuwa na hasira na leo huna, na kama anataka shahidi, amwite Mama Nastasia. Tangu leo, saa ya chakula anayekwama na pikipiki amwite Evon, Evon ana mikono miwili mizuri na hana mtoto mdogo. Ndege ya Ijumaa ije ishushe barua zetu iende zake. Bodi mwandikieni baridi ikiisha, barafu ya mto ikishavunjika, kama bado mtakuwa na la kuwaandikia.

Jumamosi mfukuze nyumbani aende nyumba ya mvuke na wenzake. Mle ndani watu wako uchi, masikio yanawaka moto, hakuna anayekumbuka cheo chake. Akilia watadhani jasho. Wasipodhani, watamwongezea maji kwenye mawe na kutazama pembeni, wanaume wetu wana adabu hiyo.

Jumapili, Loren, watakupa mtoto mikononi na itabidi ulitamke jina la baba yako kwa sauti, mbele ya watu. Sauti ikikatika, subiri, huku kwetu hakuna anayekimbilia popote. Mazishi yake ulizuiwa na ukungu, na hakuna wa kukulaumu. Safari hii hakuna ukungu. Mzee yuko nyumba ya pili kutoka kwako, hana hata jino moja, na anakungoja. Vaa viatu uende.