Ile Laini ya Mwisho Ulikataa Kunisomea

Baba Wekesa,

Ni mimi, Nafula wako. Mkono ni wa Scola, bibi ya kijana wetu, lakini mdomo ni wangu. Nimemwambia asirekebishe kitu, aandike vile natoa. Ati anasema nipumue kidogo. Nitapumua nikimaliza.

Hapa Riruta maji ilirudi, ikapotea tena. Landlord amepaka geti rangi ya buluu, mbaya, ungecheka mpaka ukohoe. Mimi sijacheka. Nakula nikilazimishwa. Kiti yako ya jikoni nimeigeuzia ukuta, sababu ikiniangalia hivyo nalia mpaka ugali inaungua.

Bungoma tulikuzika vizuri, lakini wee! Watu walikuja kuzika Chifu. Hata pasta: "Tumempoteza Chifu wetu." Nikataka kusimama niulize, chifu wa wapi? Huyo si alikuwa wa TV? Mwenye nililia mimi ni yule soja wa geti kule Westlands, mwenye alienda tauni, huko mjini, siku yake ya ofu kuangalia mchezo wa kuigiza, akarudi akaniambia, "Nafula, hiyo kazi hata mimi naweza." Nikakuambia lala. Ukaweza. Ulianza na filamu za wazungu, unabeba mkuki, unakufa wa kwanza. Ukakuwa mwizi, ukakuwa jaji, ukakuwa mlevi. Hiyo ya mlevi mama yako alikasirika, ati unaaibisha kanisa. Halafu chifu, miaka na miaka, mpaka watu wakaanza kukuletea kesi hapa kwa ploti. Na unasikiliza! Uliamua ya mama mboga na jirani yake, na wakatii. Haki, Baba Wekesa.

Baada ya mazishi ndugu zako waligawana nguo zako, vile desturi yetu inasema. Walipigania kofia ya chifu kama kuku na mahindi. Nikajiambia wachukue tu, yangu haigawanywi. Yangu ni ya jikoni.

Si unakumbuka? Mimi sijui kusoma. Ulikuwa unanisomea kwa makaratasi ya filamu maneno ya wenzako mara mbili, tatu, inaingia kwa kichwa inakaa. Nikipika mimi ndiye bibi ya chifu. Mimi ndiye karani wa korti. Hata polisi nilikuwa, nakukamata shati na mkono ya unga. "Nafula, polisi hashiki mtu na mwiko!" Lakini ile laini yako ya mwisho, maneno yako ya kumalizia, ulikuwa unakataa kusema. Kila mara. Ukifika hapo unakunja makaratasi. "Hiyo ni ya kamera. Nikiisema hapa itafika huko imepoa." Hata nikikubembeleza na chapati. Basi nangoja itoke kwa TV kama watu wengine.

Sasa hii filamu yako ya mwisho. Ile ya mzee aliacha bibi yake miaka mingi, anarudi, anasimama mlangoni. Mimi ndiye huyo bibi. Nakugombeza, nakugombeza, halafu nasema, "Sasa umerudi kufanya nini?" Na wewe unakunja makaratasi. Hata kule hospitali tulirudia hayo maneno, ukiwa na mpira ya oksijeni kwa pua. Nikasema, sasa umerudi kufanya nini. Nikakushika mkono, nikakuomba, sema leo, Baba Wekesa, hakuna kamera itakuja hapa. Ukaniangalia.

"Bado, Nafula. Bado."

Ukaenda nayo.

Watu wa filamu walikuja kuchukua makaratasi yao, wakaleta sukari na mkate. Nafasi yako wamepatia mtu mwingine. Kijana! Wamempaka mvi. Wanasema itatoka Krismasi. Scola akaniuliza, mama, mbona hukuniambia nikusomee kabla wachukue? Sikutaka na sauti ya Scola. (Usinune, Scola, andika tu.) Nataka na yako. Naangalia Chifu akirudiwa kila jioni, lakini hiyo ni sauti ya chifu, kavu. Yako ya jikoni hakuna mtu alirekodi. Hakuna. Na imeanza kunitoka, mimi mwenye sisahau kitu. Nasimama hapo kwa jiko, nasema maneno ya huyo bibi peke yangu, nangoja. Ni sufuria inanijibu. Nifanye nini? Niambie, mume wangu. Nifanye nini?

Basi, lala. Wewe lala, hata kama mimi siwezi. Lakini nakuahidi kitu moja. Siku hiyo ya Krismasi watu watajaa hapa kwa nyumba, Scola atapika chai, na mimi nitaketi karibu na waya ya TV. Yule mama mwenye anaigiza huyo bibi akiuliza, nitauliza pamoja na yeye: "Sasa umerudi kufanya nini?" Halafu nitang'oa hiyo waya kabla huyo kijana afungue mdomo. Wacha wakasirike. Hiyo laini ni yako.

Utaniambia nikifika.

Nafula, wa jikoni kwako