Dang'a ya Kopo

Kwa Mzee Mwigulu,
Bugarama, Msalala,
12 Agosti, 2024.

Mpendwa mwanangu Edson,

Shikamoo yako uliyoiandika kwenye kikaratasi kilichokuja na kopo niliisoma, na leo naitikia marahaba. Hujambo huko Mtwara? Asteria hajambo? Na Martina je, ameota meno ya mbele au bado anacheka na pengo lake? Sisi tupo. Goti langu linanisumbua kama kawaida, mvua hakuna, na vumbi la barabara ya malori limeingia mpaka kwenye unga. Tukisema hatujambo, ndiyo hivyo.

Usishangae kwamba shangazi yako ameshika kalamu. Simu hapa ni moja na baba yako analala nayo kifuani akingoja upige. Nikitoka nayo nje anauliza ninamsengenya nani. Kwa hiyo nimeona nikae niandike, kisha Amosi, yule anayetuchungia ng'ombe, aipeleke barua kwenye basi Kahama.

Kopo lilifika salama. Baba yako alilifungua mwenyewe, akanusa, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Zipora, njoo uone! Wameikausha dang'a, wameitia kwenye mkebe!" Wewe uliikuta mwishomwisho, lakini sisi tumekulia hiyo: maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, mazito, ya njano. Ndama anashiba kwanza, kinachobaki kinapikwa kwenye chungu mpaka kigande, watoto wanagombania kwa chumvi kidogo. Hatukujua kama huko mjini inauzwa kama kitu cha kuongeza kinga mwilini. Tulijua tu kwamba ni tamu.

Sasa anakunywa asubuhi na jioni. Anasawazisha kijiko kwa kidole ili unga usiishe haraka. Mgeni akija, hata kabla hajakaa, analetewa kopo alione. "Hii ni ya Edson," anasema, na mgeni lazima asome maandishi yote, hata asiyejua kusoma inabidi aangalie picha ya ng'ombe na kutikisa kichwa.

Edson, ulipoambiwa baba yako anaumwa kifua, uliambiwa ni vumbi la maduara, yale mashimo ya dhahabu. Si vumbi peke yake. Tangu baada ya Pasaka amepimwa na kukutwa na kifua kikuu. Alinikataza nisikwambie, alisema utaacha kazi. Mimi nilipimwa pia, sina.

Zahanati walimpa dawa, na mwanzoni alikuwa anameza bila maneno. Kisha kopo likaja. Unawajua wachimbaji. Wakitoka shimoni wanakunywa maziwa ili waoshe vumbi kifuani, na mtu akila kitu cha sumu ananyweshwa maziwa yaikate. Miaka yote aliyoshuka kwenye maduara, baba yako hakukosa kikombe chake. Kwa hiyo kichwani mwake maziwa na dawa haviwezi kukaa tumbo moja, maziwa lazima yaikate dawa. Akaona ni lazima achague kimoja. Akachagua kopo.

Nesi Eufrasia alikuja hapa mwenyewe kwa miguu. Alimwambia vizuri tu, kwa adabu. "Mzee, maziwa hayakati dawa hizi. Meza asubuhi kabla hujala, kopo lako utakunywa baadaye ukitaka. Lakini hilo ni chakula, mzee wangu, haliui kifua kikuu." Baba yako akamwambia, "Binti, wewe umenijua juzi. Mwanangu ananijua tangu azaliwe." Mfuko wa dawa upo, umening'inia kwenye msumari pembeni ya kalenda. Ninaufuta vumbi nikifagia.

Ungenikuta zamani ningepiga kelele, unanijua. Safari hii nilimsindikiza Eufrasia mpaka njia panda, nikarudi kuchambua mchicha. Sina hasira wala uchungu, Edson. Najisikia kama mkono uliolaliwa. Hilo ndilo linalonitisha kidogo, ninapokumbuka kutishika.

Habari nyingine ni ya ng'ombe. Yule mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji alizaa mwezi uliopita, ndama dume. Kwenye karatasi ya kopo imeandikwa kwamba maziwa yenye nguvu ni ya saa zile za mwanzo kabisa. Baba yako akamwamuru Amosi ayakamue yote, asibakize tone. Amosi alisimama na ndoo akiniangalia mimi. "Baba, na ndama?" aliuliza. "Ndama atapata ya kesho," baba yako akasema. Edson, huyu ndiye kaka yangu aliyekuwa akituzaba makofi utotoni tukigusa chungu kabla ndama hajashiba.

Tulijaribu kumnywesha ndama maziwa ya ng'ombe mwingine kwa chupa. Alisimama siku ya kwanza, akaharisha, akalala upande, hakuamka. Dang'a nilipika mimi. Ikaganda vizuri. Baba yako alikula akasema anasikia nguvu inaingia mpaka kwenye vidole. Wiki hiyohiyo niliona damu kwenye mkono wa shati lake, pale anapojifutia mdomo. Nilililoweka, nikalifua, nikalianika. Lilitakata.

Ng'ombe naye akagoma. Kila akikamuliwa anageuka kumtafuta ndama wake, maziwa hatoi. Ikabidi tufanye kama walivyokuwa wakifanya wazee. Amosi alimchuna ndama, tukaijaza ngozi nyasi kavu, mimi nikaishona kwa sindano ya magunia. Tukaisimamisha mbele ya mama yake. Akainusa, akaanza kuilamba kichwani, akaachia maziwa. Mpaka leo ndivyo anavyokamuliwa. Ile ngozi imeanza kunyonyoka manyoya sehemu anayolamba, ila yeye hajali.

Siku ya kwanza baba yako aliburuta kigoda chake mpaka zizini, akakaa kutazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Ng'ombe mjinga huyu," akasema. Tulipokuwa tunarudi ndani akaniuliza kama simu ina chaji.

Hapo nikaelewa, mwanangu, ndiyo maana naandika. Hata ungetia unga wa muhogo kwenye lile kopo angekunywa, mradi limetoka kwako. Hanisikilizi mimi, wala nesi. Hata mchungaji wa kanisa alikuja akaambulia kusomeshwa kopo.

Eufrasia anasema anaweza kuanzishiwa dawa upya, lakini si jambo la kungoja. Alisema akiendelea hivi hatamaliza mwaka. Ameniambia waziwazi, nami nakwambia waziwazi, sijui namna nyingine ya kulisema.

Kwa hiyo usitume kopo jingine. Najua huko unayauza na unayaamini, sitaki tubishane, huenda yanawafaa watu wenye afya zao. Wewe panda basi uje umpe vidonge kwa mkono wako. Kama kazini hawakuruhusu, piga asubuhi, kabla hajala. Usimuulize habari ya maziwa. Mwambie, "Baba, meza dawa, nasikiliza." Halafu usikate simu. Nitakuwa nimesimama karibu na kikombe cha maji. Baki hapohapo mpaka umsikie akimeza, na kesho yake upige tena. Mengine ya kumpeleka zahanati na kumrudisha niachie mimi.

Amosi anakusalimu. Anasema ukija umletee korosho, na zisiwe zile zilizovunjika. Msalimie sana Asteria, mwambie kitenge alichonipa nakivaa kanisani. Mbusu Martina kwenye pengo lake. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mzuri na chakula cha kutosha, na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Zipora.

Baada ya kumaliza: Baba yako amepita hapa sasa hivi, amejua ninakuandikia. Anasema wabeja sana, ng'wanawane, asante sana mwanangu kwa kopo. Unga umekwisha. Ametia maji ya moto ndani, amelisuuza na kuyanywa, na sasa amelianika juani pamoja na vyombo. Ameniuliza kama nimekwambia anaendelea vizuri. Nimemjibu kwamba nimekwambia kila kitu. Amefurahi.