Kioo cha Kabati Kwenye Lori Namba Saba

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni tarehe 17, kuanzia saa nane na robo mchana.

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini anaitwa Mama Gia.
Umri: Miaka 43.
Kazi: Dereva wa lori la mawe kwa miaka tisa.
Makazi: Nyumba za wafanyakazi wa machimbo, mlango wa kumi na moja.

Nilishatoa maelezo hapa tarehe 15. Siku hiyo nilisema kwamba kioo cha kushoto cha lori namba saba kilitoka stoo ya gereji, na kwamba fundi alikifunga kwa uamuzi wake mwenyewe. Huo ulikuwa uongo. Leo nimekuja kwa miguu yangu, sijaitwa na mtu. Nimemwomba afande aandike upya kuanzia mwanzo, kwa sababu fundi huyo amelazwa wodini na mlangoni kwake kuna askari, kana kwamba mtu aliyevunjika nyonga anaweza kutoroka. Nimeambiwa akipata nafuu atapelekwa mahakamani.

Fundi huyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha lori wakati wanaume wa pale walipokuwa wakinicheka.

Barabara ya machimboni naijua kama kiganja changu. Kushoto ukipanda ni mwamba uliochongwa, kulia ni korongo, na katikati panatosha lori moja tu. Kila baada ya mita mia moja hivi mwamba umechimbwa ndani kidogo, mahali pa kupishania. Malori mawili yakikutana, lenye mzigo linasimama na lililo tupu linarudi nyuma hadi mahali pa kupishania palipo karibu. Anayeelekeza hutembea nyuma ya lori, upande wa mwamba, na dereva humfuata kwa kioo cha kushoto. Akifika mahali pa kupishania huingia ndani na kutoweka kiooni. Hapo dereva anajua amefika, anakata usukani ili mkia wa lori uingie. Hatupigi honi wala hatuhesabu hatua. Tumefanya hivyo miaka yote, na hakuna aliyeguswa hata ukucha.

Tarehe 6 jiwe liliporomoka kutoka juu likavunja kioo changu cha kushoto. Kile kilikuwa kioo chenyewe cha lori, kimetuna kidogo kama mgongo wa kijiko. Kinaonyesha vitu vidogo, lakini kinaonyesha vyote, kuanzia gurudumu la nyuma hadi ukuta wa mwamba. Niliandika kwenye daftari la kasoro siku hiyohiyo. Nikaandika tena tarehe 8 na tarehe 11. Kurasa zipo, mkazitazame. Msimamizi wa usafirishaji alinijibu mbele ya watu, "Mama Gia, kioo cha kushoto ni cha abiria kujitazamia. Wewe unabeba mawe, mawe yanataka kujitazama?" Watu wakacheka. Akaongeza kwamba asiyeweza kuendesha bila kioo aache funguo mezani, wapo wanaouhitaji ufunguo huo.

Sikuacha funguo. Tarehe 12 jioni nilirudi nyumbani nikachukua bisibisi, nikabandua kioo kwenye mlango wa kabati langu la nguo. Mume wangu aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nilimwambia nguo zangu nazijua, sina haja ya kujiangalia.

Asubuhi ya tarehe 13 nilimpelekea shemeji gereji. Alikigeuza mkononi akasema, "Shemeji, hiki ni bapa. Hakitakuonyesha upana ule."

Nilijitazama. Kilikuwa kikubwa na safi, hata kope zangu zilionekana. Nikamwambia, "Kinaonyesha kuliko kile cha kwanza. Kata, funga."

Alisita. Mimi nina ulimi, naye ni mtu wa kunivumilia. Alikikata kwa kisu cha almasi cha kukatia vioo, akakifunga, kisha akasema, "Basi kesho napanda nawe. Ukikutana na mtu, nitakuelekeza mwenyewe." Kwa hiyo afande aandike hivi: shemeji alikuwa barabarani siku ile kwa sababu hakukiamini kioo changu.

Tarehe 14, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nikiwa napanda na lori tupu, nilikutana na lori la dereva mzee tunayemwita Taratibu, likishuka na mzigo. Mahali pa kupishania palikuwa nyuma yangu, kama mita hamsini. Shemeji akashuka kabla sijasogea karibu na mwamba. Nikaanza kurudi nyuma, nikimwona kiooni mzimamzima, na kofia yake ya bluu. Nilifurahi moyoni. Nilisema, mwone msimamizi na maneno yake.

Kisha shemeji akatoweka kiooni, nami nikakata usukani.

Hakuwa amefika. Zilibaki hatua nane, tulizipima baadaye. Alikuwa amekwepa dimbwi kwa kusogea hatua moja tu kuelekea mwamba, na ile hatua moja ilimtoa ndani ya kioo bapa. Kwenye kioo cha zamani ningeendelea kumwona. Miaka tisa macho yangu yalikuwa yamezoea kwamba mtu akitoka kiooni ametoka barabarani, na sikuyafundisha macho jambo jipya.

Nilisikia bodi, lile sanduku la nyuma la kubebea mawe, inagongwa mara mbili. Mara mbili ni simama. Nikakanyaga breki.

Dirisha la kushoto lilikuwa wazi, nikamwita. Akajibu, "Usirudi hata kidole." Sauti yake ilikuwa ndogo. Kona ya bodi ilikuwa imembana kiunoni kwenye mwamba, na lori lilikuwa limeelekea juu, kwa hiyo uzito wake wote ulikuwa unamtafuta yeye. Breki ya mkono ya namba saba inashika kwenye tambarare tu, kila dereva pale anajua. Kwenda mbele nisingeweza, maana lori lile kabla klachi haijashika hurudi nyuma kwanza, japo kiasi cha kiganja, na kiganja hakikuwepo. Kushuka nikamwone, nisingeweza. Nilichoweza ni kukanyaga.

Taratibu alipita uvunguni mwa lori akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akaniambia nilegeze mguu polepole. Nikalegeza. Lori likakaa juu ya mawe, kidogo sana, na shemeji akapiga ukelele ambao nausikia hata sasa ninapozungumza. Nikakanyaga tena na sikulegeza tena.

Moshi wa lori ulikuwa unampata, akaomba nizime injini. Nilipozima, pedali ikawa ngumu, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, mgongo nimeusukuma kwenye kiti. Taratibu alipiga simu machimboni. Lori lake lisingeweza kunivuta kwenda juu likiwa na mzigo, kwa hiyo walikuja watu kumi na wawili wakayashusha mawe kwa mikono na kuyatupa korongoni, moja moja. Nilikuwa nasikia kila jiwe likianguka. Nilikuwa nataka kuwapigia kelele waongeze kasi na nilikuwa naogopa kwamba nikipiga kelele mguu utateleza.

Nilimwomba Taratibu akipindishe kile kioo kwa mkono. "Kushoto zaidi. Zaidi. Hapo." Nikauona uso wa shemeji, uso tu, mkubwa na safi. Ulikuwa na rangi ya majivu.

"Shemeji, unaniona?" akaniuliza.

"Nakuona."

"Mimi nakuona macho. Usiyafumbe."

Sikuyafumba. Kwa karibu saa mbili tulitazamana. Miguu ilikufa ganzi hadi sikujua kama bado ninakanyaga, ikabidi niitazame. Nilijikojolea. Nalisema hilo kwa sababu nimesema nitaeleza yote, na kwa sababu nilipotaka kujionea aibu nilimwona yeye kiooni anajaribu kunitania, eti akitoka hapo atakuwa mwembamba, nguo zake za ujana zitamtosha.

Baadaye aliacha utani. Alisema, "Sikiliza. Kile kioo nilikiokota stoo. Umesikia?"

Nikamjibu, "Stoo hakuna vioo, shemeji."

"Leo kilikuwepo. Mimi sina mtoto anayenisubiri na sahani. Wewe unao watatu. Usibishane nami leo, leo tu."

Sikubishana. Hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yangu, na ndiyo niliyopaswa kubishana.

Saa tano na nusu, lori la Taratibu likiwa tupu, walifunga mnyororo wakanivuta. Shemeji alianguka kwenye mikono ya watu. Mimi walinitoa kwenye kiti kama gunia, miguu haikunyooka.

Jioni ile msimamizi wa usafirishaji alikuja nyumbani na karatasi iliyokwisha kuchapwa, ikisema fundi alifunga kioo kisichofaa bila idhini. Alisema nikieleza hivyohivyo polisi, kazi yangu ipo. Nilipomwambia mume wangu ukweli akasema, "Kaka mwenyewe ametaka hivyo. Funika kombe mwanaharamu apite." Nikamjibu kwamba aliye chini ya hilo kombe ni kaka yake. Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Sikumlaumu, alikuwa anachagua kati ya wawili na wote ni wake. Kesho yake nikaja hapa nikasema uongo kwa mpangilio mzuri kabisa, na afande akanishukuru kwa ushirikiano.

Tangu siku ile sikupata pumzi. Nikikaa chumbani namwona mume wangu anajitahidi asiutazame mlango wa kabati. Nikitoka nje majirani wananipa pole, wananisifu kwamba nilikuwa na mguu wa chuma. Mama mkwe wangu alinishika mikono akanibariki kwa kumwokoa mwanawe. Popote nilipogeuka nilikuta asante.

Leo asubuhi nilikwenda wodini. Askari alinipa dakika tano. Nilimwambia shemeji nakuja kubadili maelezo. Alisema, "Umeshasema, usirudi nyuma." Nikamwambia basi nitakwenda mbele, ila ukweli utakuwa uleule. Alijaribu kukasirika, akashindwa, akaniomba nimnyanyulie mto.

Nimekuja na kipande cha kioo kilichobaki baada ya kukatwa, kimefungwa kwenye kanga. Kinaoana na kile cha lori na mlango wa kabati bado una gundi. Kioo kilikuwa changu. Aliyesema kifungwe ni mimi, na aliyekata usukani ni mimi. Fundi alinionya. Msimamizi aliombwa kioo mara tatu kwa maandishi. Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, sina la kuongeza, na sitalipunguza hata neno moja nikija kuulizwa tena.

Saini: Mama Gia

Maelezo ya askari aliyeandika:
Nimemsomea shahidi maelezo haya neno kwa neno, akayakubali. Nimepokea kipande kimoja cha kioo bapa, kimewekwa alama ya kielelezo. Kabla ya kusaini nilimfahamisha kwamba akishasaini hatahesabiwa tena kuwa shahidi bali mtuhumiwa, kwamba hatarudi nyumbani leo, na kwamba anayo haki ya kunyamaza. Nilimpa nafasi ya kufikiri peke yake kwa dakika kumi. Hakuzitumia, alisaini papo hapo. Kisha akaniuliza kama nina namba ya simu ya yule askari wa wodini, ili aambiwe aondoke pale mlangoni.