Usifute Picha Yoyote

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Leo tena! Daktari wa mifupa kabofya picha ya eksirei, kangoja dakika tisa ifunguke. Tisa! Mgonjwa kakaa pale na mkono wake uliovunjika, anakodolea macho skrini kama sisi. Mkurugenzi kaja mwenyewe hadi chumba chetu cha seva, kompyuta kuu za hospitali. Kasema Ijumaa ikifika hali ikiwa hivi, aliyesababisha aiage kazi kabisa. Macho yalikuwa kwa mwenzangu, Utaratibu, anayeitunza mashine ya eksirei. Jina tulimpachika wenyewe: ukimwambia jambo, analifanya hadi nukta ya mwisho. Ana watoto watatu shuleni. Kaendelea kufuta vumbi kwenye kibodi. Roho imeniuma.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Nimeongeza memori — wapi! Nimebadilisha kebo — wapi! Diski nimeipima: nzima, inakimbia. Ila ukiingia kwenye mashine pepe, zile kompyuta zinazoishi ndani ya seva, diski hiyo hiyo inatambaa. Kwa hiyo ugonjwa uko katikati. Mume wangu kapiga simu, kauliza kama nimekula. Sikumbuki.

Jumatano, tarehe 6 Machi
NIMEKUKAMATA!
Folda ya mashine pepe ya eksirei ina snapshoti mia mbili na kumi na nne. Sisi tunaziita picha: kabla ya kugusa mashine unapiga picha ya hali yake, ukiharibu unarudi ulikotoka. Kazi ikiisha, unaifuta. Hizi hazijafutwa hata moja! Zimepandana, na seva ikitafuta kitu inazichungulia zote.
Nimemwita Utaratibu. Mbona hufuti? Kanishangaa. Kasema, si mmeandika pale? Kanyoosha kidole ukutani, juu kabisa, karibu na feni: USIFUTE PICHA YOYOTE.
Jamani! Karatasi ile ni ya picha za eksirei! Za mifupa ya watu! Nimecheka hadi nikakaa sakafuni. Naye kacheka, kidogo, kwa aibu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nimehifadhi nakala kwanza, kisha nikaanza kuziunganisha picha zote za mashine ziwe kitu kimoja. Asilimia arobaini… sabini… Saa nane mchana, mia! Daktari wa mifupa kabofya. Sekunde mbili! Kabofya nyingine makusudi. Kapiga ukelele korido nzima ikageuka. Muuguzi mkuu kanikumbatia, kaniita Mama Diski. Nimeibuka kidedea! Kichwa kimevimba, na kivimbe tu, leo ruksa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Mkutanoni wakuu wote wa idara wamenipigia makofi, wamesimama! Kisha mkurugenzi kauliza: na aliyesababisha? Utaratibu kainuka. Kasema ni yeye, alifuata karatasi ya ukutani. Mkurugenzi kataka karatasi iletwe. Nimetumwa mimi.
Nimepanda kiti, nimeibandua. Ile P yenye mkia mrefu! Mwandiko wangu. Mwaka jana mkuu wa eksirei aliniomba tangazo la kulinda picha za wagonjwa, nikaandika haraka haraka, nikabandika, nikasahau.
Naandika haya kwenye ngazi, karatasi iko gotini. Miezi kumi mimi na Utaratibu tunajaza daftari moja la zamu. Anaujua mwandiko wangu vizuri sana! Na hakunitaja.
Mlango wa chumba cha mkutano uko wazi. Mkurugenzi anauliza mbona nimekwama. Namsikia Utaratibu anamjibu, kwa upole: anakuja, yule hana tabia ya kuchelewa —