Tumekubeba Miezi Kumi na Minne

Duka la Saa, nyuma ya Posta,
S.L.P. 118.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Jemadari,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. U hali gani? Baridi ya huko bado inakubana kifua, au mmeshazoeana? Unakula vizuri? Mama hajambo ila magoti, na magoti yake unayajua, hayakosi la kusema. Mimi ni mzima. Hii ni barua ya tatu bila jibu, lakini sikuandikii kukugombeza. Nitakugombeza ukija.

Kazi ipo, kidogo. Siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, mimi nimebaki na wazee na saa zao za ukutani.

Sasa habari ya mchezo wetu. Tangu uondoke, kila Jumamosi jioni nikishafunga duka tuliendelea kukaa kwenye meza yangu ya kazi, mimi, Muuguzi na Msumari wetu seremala. Tulirusha dadu zilezile na kusimulia kwa zamu hadithi ya watu wetu wa kubuni, kila mmoja na wake. Na sheria uliyoitunga mwenyewe tuliishika: asiyefika mezani, mtu wake wa mchezoni analala usingizi mzito, na waliopo wanambeba mpaka arudi. Sidhani ulipoitunga ulijua utakwenda mbali kiasi hiki.

Tumekubeba, ndugu yangu, na ngao yako juu. Zamu ya Msumari ni majumba ya mizimu tu, yeye anayeruka akiguswa na paka. Tulikupandisha ngazi za jumba bovu huku mishumaa ikizimwa na asiyeonekana. Muuguzi yeye ni upelelezi. Anasema wodini watu wanaruhusiwa na hajui waliishia wapi, kwa hiyo mchezoni lazima aujue mwisho. Ilipoibwa pete ya malkia akakushuku wewe, eti mtu halali hivyo kama hana anachoficha. Tulicheka sana, kisha macho yakaenda kwenye kiti chako, tukaacha kucheka.

Wewe ulipenda vita, majoka na falme zinazoanguka. Mimi mlinitania kwa kupenda safari, watu wanatembea, wanapotea, wanapika, mwishowe wanafika nyumbani. Mlisema hiyo si hadithi, ni matembezi. Basi niacheni, mimi ambaye sijawahi kulala nje ya mji huu.

Mwezi wa kumi Msumari alichoka. "Dada, huyu tumzike tu kwa heshima zake," alisema. "Anatuchelewesha." Nilikataa, tukanuniana wiki mbili. Yeye sikumwambia sababu, nakwambia wewe. Niliogopa kwamba nikikuzika pale mezani, na huku nje nitaacha kukusubiri.

Sasa Msumari amepata kazi mji mwingine, na Muuguzi amepangiwa zamu ya jioni Jumamosi zote. Hakuna aliyegombana na mtu. Jumamosi iliyopita nilikaa peke yangu, nikapanga mbele yangu karatasi zenu tatu, zile zilizoandikwa watu wenu wa mchezoni. Sheria ni sheria, wote mmelala na wa kuwabeba ni mimi. Nimewafikisha kwenye daraja la kamba, na daraja lenyewe halistahimili mtu mwenye mzigo wa watu watatu. Nilikaa nalitazama mpaka chai ikapoa. Nina upweke, mdogo wangu. Neno hili nilitaka kulikwepa, nimeshindwa.

Ndani ya bahasha utakuta dadu ya kijani ya pande ishirini, ile iliyomeguka kona. Irushe mara moja tu, hata kama umechoka, uniandikie namba. Barua ndefu sitaki. Ikifika kumi au zaidi, umeamka, tutawabeba wenzetu pamoja. Ikiwa chini ya hapo hujaamka, nitakubeba tena, lakini angalau nitajua uliirusha. Hapa sina nyingine ya namna hiyo, kwa hiyo mpaka ujibu tupo palepale darajani.

Mama anakusalimu na anauliza kama una soksi nzito. Muuguzi anakusalimu, anasema bado anakushuku. Msumari naye alituma salamu kabla hajaondoka, na akaniomba nisikwambie lile la kukuzika. Mungu akutunze, akupe afya na watu wa kukaa nao meza moja.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye bado yuko macho.